SP-404SX ya mtumba au SP-404MKII mpya? Jibu kwa mdogo wangu wa Mbagala

Marahaba mdogo wangu, salamu zimefika. Ngoja nilirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wanaosoma waelewe tunaongea nini. Uko Mbagala, unatengeneza singeli kwenye laptopu mwaka wa pili huu, kuna jamaa anakuuzia SP-404SX ya mtumba iliyotoka Japani, yaani sampla ya Roland, mashine ya kurekodi vipande vya sauti (sampo) na kuvipiga kwa vitufe vyake (padi), na hela yake unayo mkononi, alafu upande wa pili kuna SP-404MKII mpya ambayo mpaka uifikie itabidi udunduize kama miezi sita hivi. Unataka mashine ya kukatia sampo za kanda za taarab za bibi yako, na hiyohiyo upande nayo jukwaani na msanii wako. Na watu wamekuambia ya zamani ina "joto" ambalo mpya haina, ndo kinachokunyima usingizi.

Naanza na hilo la joto kwa sababu limewapoteza vijana wengi, na mimi mwenyewe liliwahi kunipoteza.

Zipo sampla za zamani ambazo kweli zina sauti yake, hilo halina ubishi. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa inarekodi kwa biti 12 na kilohezi 26.04, yaani inapima sauti mara 26,040 kila sekunde, na memori yake yote ilikuwa sekunde 10 tu, yaani kumi kwa mashine nzima. MPC60 ya Akai ya mwaka 1988, ile aliyoibuni Roger Linn, nayo biti 12, ila kilohezi 40. Biti 12 maana yake kila kipande cha sauti kina ngazi 4,096 za kupimia, wakati biti 16 zina ngazi 65,536, kwa hiyo mashine ya biti 12 inalazimika kukadiria kadiria na kule kukadiria ndo kunaacha ule ukwaruzo unaoupenda. Alafu mashine inashika sauti mpaka nusu tu ya kilohezi inazorekodia, kwa hiyo kilohezi 26 maana yake sauti kali za juu kabisa, kuanzia kama kilohezi 13 kwenda mbele, hazipo, zimekatwa. Sasa maprodyuza wa Marekani kwa kubana ile memori ya sekunde 10 walikuwa wanacheza sahani ya santuri kwa spidi ya 45 badala ya 33, wanairekodi ikiwa inakimbia, alafu wanaishusha ndani ya mashine irudi kwenye mwendo wake. Pale kwenye kushusha ndo uchafu wote unajitokeza, sauti inakuwa nzito, ina mchanga mchanga. Hilo ndo joto lenyewe kwa asili yake.

SX haimo kwenye ukoo huo. SX inarekodi biti 16 kwa kilohezi 44.1, ambayo ni sawasawa na CD. Ukiingiza kinanda safi unatoa kinanda kilekile safi. MKII ndani inafanya kazi kwa kilohezi 48, na hiyo tofauti ya 44.1 na 48 kwenye spika za mtaani hutaisikia, labda uwe popo. Mi nilishawahi kuziweka mbili pamoja hapa Sinza, sauti moja ya kinanda, efekti zote zimezimwa, nikawaita washkaji wanne wenye masikio wakae wamegeuka ukutani, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa uhakika ipi ni ipi.

Kinachoitwa joto la SX ni efekti zake, hasa ile kompresa, inayobana sauti kubwa na kuinua ndogo, ambayo inavuta sauti ikawa inapumua, na Vinyl Sim inayoiga sauti ya santuri, pamoja na tabia ya kurekodi sauti juu ya sauti mara tatu mara nne mpaka inakuwa uji. Na hizo MKII imezibeba. Kwenye orodha yake utakuta 303 VinylSim na 404 VinylSim kila moja kivyake, yaani wamerudisha mpaka ya ile SP-303 ya mwaka 2001, utakuta SX Reverb na SX Delay kwa majina hayohayo, DJFX Looper ipo, na wameongeza Cassette Sim, inayoiga sauti ya kanda, ambayo kwa mtu wa kanda kama wewe itakufurahisha. Sisemi kila kitu kinatoka sawa mpaka unywele, kompresa kwa sikio langu haibani vilevile, ila usikae ukadhani unapoteza kitu kikubwa.

Alafu kuna jambo moja ambalo sijasikia mtu akiwaambia vijana wa singeli. Ule uchafu wa mashine za zamani unakuja ukishusha sauti. Nyinyi mnapandisha! Taarab ya mwendo wa 120 ukiipandisha nusu toni 7 inakuwa kama 180, ukiipandisha oktavu nzima, yaani nusu toni 12, inakuwa 240, umeshaingia kwenye singeli. Sauti ikipanda haichafuki kwa namna ile, inakuwa nyembamba na kali kama ya katuni, na huo ukali ndo utamu wa singeli. Kwa hiyo hata ungepewa SP-1200 yenyewe leo, kwa kazi yako isingekupa kile wanachokisifia watu wa hip hop. Hata mchiriku wa zamani hapa Dar, ile sauti yake chafu ilitoka kwenye vinanda vidogo vya Casio kupitishwa kwenye spika za hovyo zilizochoka. Uchafu wetu sisi umetoka mwisho wa waya, kwenye spika.

Basi tuache joto, tuongelee mikono.

SX ina efekti moja kwa wakati mmoja, basi. Ukitaka filta (ya kukata sauti za juu au za chini) na mwangwi kwenye sampo moja, unaweka filta, unarekodi upya matokeo kwenye padi nyingine, alafu ile padi mpya unaiwekea mwangwi. Ukiona umekosea filta ya mwanzo unarudi nyuma kote. Mi nimefanya kazi hivyo miaka mingi na naipenda, sitadanganya, inakufundisha kuamua, maana ukisharekodi umesharekodi, huwezi kukaa siku tatu unazungusha nobu moja. Midundo yangu mingi ninayoiamini imetoka kwa njia hiyo. Ila jukwaani ni hadithi nyingine. Msanii amepandisha mzuka, watu wanataka uzime mdundo kidogo uache mwangwi unazunguka alafu urudishe kwa kishindo, na wewe efekti uliyonayo ni moja na tayari umeitumia kwenye kompresa, ukiitoa kompresa mdundo wote unanywea. MKII ina njia nne za efekti kwa wakati mmoja: mbili unachagua padi ipi ipite wapi, alafu mbili za mwishoni zinazopitiwa na muziki wote, na bado maiki ina efekti zake pembeni. Hapo kompresa inakaa mwishoni haiguswi, na mkono wako uko huru kucheza. Kwa mtu wa jukwaani hii peke yake inatosha kunyamazisha mjadala.

Sasa kukata kanda. SX haina skrini, ina tarakimu tatu nyekundu, ukweli ndo huo. Sampo unaikata kwa sikio, unabonyeza alama pale inapoanzia na pale inapoishia, ukikosea unarudia. Kwa sampo ya sekunde mbili hakuna shida na masikio yanakomaa. Kwa wimbo wa taarab wa dakika kumi na tano ambao wewe unataka vile vipande vitano vya kinanda katikati ya mashairi, utalia. MKII ina skrini ndogo inayokuonyesha mawimbi ya sauti, unairekodi yote, unapita nayo huku unagonga pale unapotaka kukata, vipande vinajipanga kwenye padi. Na kuna kitufe cha Skip-Back, hiki nakipenda kuliko vyote. Mashine inakuwa inasikiliza muda wote hata kama hujaiambia irekodi, ukisikia kitu kitamu kimeshapita unabonyeza na inakupa sekunde 25 zilizopita, na baadaye wameongeza uwezo wa kurudi nyuma zaidi. Fikiria umekaa na bibi, kanda inacheza, ghafla pigo linatokea ambalo hata wewe hukutegemea. Unabonyeza, unalo. Kwenye SX ungeanza kurudisha kanda nyuma na ile kanda ina miaka thelathini, kila ukiirudisha unaila.

Kuna hili la mwendo inabidi nikuambie mapema usije ukanilaumu. Ukitumia ile sehemu ya kupanga mdundo ndani ya mashine, zote mbili zinaishia BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika. Ndiyo, hata hiyo mpya. Singeli inaanzia hapo hapo 200 na kwenda 300, kwa hiyo inabidi uweke nusu: mdundo wa 230 unaandika 115. Ni sawa kabisa ila kumbuka ukiukata mwendo nusu, ile gridi ya kunyoosha mapigo nayo inakuwa pana mara mbili, ukichagua 16 unapata kwa kweli 8 za singeli, na mapigo yako madogo yatavutwa sehemu siyo. Mi huwa nazima kabisa kunyoosha nikipiga mirindimo midogo, napiga kwa mkono, naachia hivyo hivyo. Au mdundo mzima naumalizia kwenye laptopu naumwaga kwenye padi moja kama lupu, yaani kipande kinachojirudia, kisha juu yake napiga vitu vya mkono. Wachezaji wengi wa singeli unaowaona ndo wanavyofanya, lupu inakimbia na mikono inachafua juu yake.

Idadi ya padi, 12 za SX dhidi ya 16 za MKII, haijawahi kumzuia mtu kutengeneza mdundo. Idadi ya sauti zinazolia kwa pamoja ni jambo zaidi: SX 12, MKII 32. Kwenye mwendo wa 240 robo ya pigo ni kama sekunde 0.06, yaani mapigo 16 ndani ya sekunde moja, ukiwa na ngoma zenye mikia mirefu kwenye padi tofauti tofauti unazijaza zile 12 upesi na mashine inaanza kukata sauti za nyuma. Utasikia besi imemezwa na hutajua kwa nini.

Nyaya. SX inatoa na kuingiza sauti kwa zile tundu za RCA, nyekundu na nyeupe, ambazo waya wake unapata popote Kariakoo na zinaingia kwenye mikisa nyingi za mtaani bila kuhangaika. MKII inatumia jeki kubwa, kwa hiyo nunua nyaya zako na utembee nazo, usitegemee za watu wa muziki utakaowakuta. Ila MKII ina USB-C inayopitisha sauti moja kwa moja kwenda kwenye laptopu au simu, yaani shoo yako unairekodi safi bila intafesi, kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. SX hilo haina, na MIDI yake, njia ya mashine za muziki kupeana amri, ni ya kupokea tu, haiwezi kuongoza kifaa kingine.

Umeme, hapa nisikilize vizuri kwa sababu mashine yako inatoka Japani. Kule umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Ile adapta inayokuja na mashine ya Japani mara nyingi imeandikwa volti 100 peke yake. Mi nilishawahi kuchomeka moja bila kusoma, usiku, nina haraka, ikatoa moshi na harufu ambayo naikumbuka mpaka leo, na kwa bahati mashine yenyewe ilipona. Kwa hiyo soma kibandiko cha adapta kabla ya yote, na kama ni ya 100 iache hukohuko. SX inatumia volti 9, tafuta adapta ya hapa ya volti 9 yenye ampea za kutosha, ila angalia ule mchoro mdogo karibu na tundu la umeme unaoonyesha hasi iko katikati au chanya iko katikati, Roland na Boss wanaweka hasi katikati na adapta nyingi za madukani ni kinyume chake. Ukichanganya hapo unaweza kuua mashine.

MKII unaweza kuiendesha na powabanki kupitia USB-C, hakikisha tu inatoa ampea 1.5 kwenda juu. Zote mbili zinakubali betri sita za AA, ila ya zamani inakaa na betri muda mrefu zaidi, ile mpya inazila haraka. Kwa kigodoro cha uswahilini ambapo jenereta inaweza kuzima mafuta yakiisha na kila mtu anakugeukia wewe, powabanki ni amani kubwa, mashine yako haizimi, ukirudi umeme unaendelea ulipoishia.

Memori nayo. SX inaishi kwenye kadi ya SD mpaka GB 32, kila kitu kiko kwenye kadi, sampo 120, ukibadilisha kadi umebadilisha shoo nzima, jambo zuri sana. Ubaya wake ni kwamba kadi ikifa katikati umekufa na wewe. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 32 kwa bei ya kutupwa, ikapokea kila kitu nyumbani vizuri tu, nimefika kwenye harusi nusu ya padi haziongei kabisa, nikamaliza usiku ule na padi tano. Kadi ile ilikuwa feki, ndani haikuwa na hata robo ya kilichoandikwa. MKII ina GB 16 zake za ndani, projekti 16 na kila projekti ina sampo 160, kadi inakuja kwa ajili ya kuingizia na kutolea vitu. Bado weka nakala, ila jukwaani hutegemei kadi ya mtu.

Na kitu kingine, SX imeshamalizika, ilivyo ndivyo itakavyokuwa. Na hata ikifuatiwa na SP-404A ya mwaka 2017, kiuhalisia ni mashine ileile, kama utaletewa usilipe zaidi kwa sababu ya ile herufi. MKII ilitoka 2021 na tangu hapo imekuwa ikiongezewa mambo ya maana bure kwa programu mpya, kiasi kwamba mtu aliyeinunua mwanzoni ana mashine tofauti kabisa leo.

Kwa hiyo mi nakuambia ngoja MKII. Ungeniambia una kazi moja tu, kubonyeza lupu na milio nyuma ya msanii, ningesema chukua SX kesho asubuhi, ni ngumu, inavumilia vumbi na jasho, na raha yake inazidi bei yake. Lakini wewe una kanda ndefu za kukata, unataka efekti za kuchezea mbele za watu, na una laptopu unayotaka iongee na mashine. Kwa hayo matatu SX itakukwamisha ndani ya mwezi, utaiuza kwa hasara uanze kudunduiza upya.

Kama moyo umeshaidondokea hiyo SX na naongea peke yangu hapa, basi usiinunue kwa picha za WhatsApp. Nenda mchana na hedifoni zako na kadi yako. Bonyeza kila padi kwenye pembe zote nne na katikati, padi iliyochoka inaitika katikati tu. Zungusha nobu zote taratibu huku sauti inatoka, ukisikia kukwaruza ni vumbi, linasafishika, ila sauti ikipotea upande mmoja hapo kuna kazi. Tikisa waya kwenye zile tundu za RCA kidogo, zikilegea fundi anachomelea upya lakini mkatie bei. Rekodi kitu, zima, washa, angalia kama bado kipo.

Na hizi kanda za bibi usisubiri mashine yoyote. Joto na unyevu wa pwani hii unazimaliza kimya kimya, na kanda ikishaanza kunata haina urafiki. Kila kanda ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuirekodi ili ijilegeze, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, alafu irekodi upande mzima kwenye laptopu bila kukata chochote, WAV, kilohezi 48, biti 16, ukaiweke sehemu mbili. Andika jina la kila wimbo wakati bibi yuko pembeni yako anakutajia nani anaimba.